Madaftari Tuliyoyazika kwa Heshima

Kilimatinde,
Manyoni, Singida.
20 Januari 2024.

Mpendwa mwanangu Eliana,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, ila naichukua mapema, maana ukifika katikati ya barua hii huenda usitake tena kuniamkia. Hujambo? Baridi ya Uswidi inakutendeaje? Kifua kimeacha kubana? Sisi huku tu wazima. Mvua imekubali, mtama umefika magotini, na goti langu la kushoto linauma kama kawaida yake. Mama yako anakula, ingawa kidogo. Nipo naye tangu msiba wa baba yako. Mbuzi na shamba la Kintinku nimemwachia kaka yako Derick, Mungu amsaidie.

Sasa nisikuzungushe. Ulipopiga simu ile Jumapili ukauliza madaftari ya baba yako, nilikujibu yapo salama. Hayakuwapo. Jumatatu ukaandika tena, nikakujibu, "Yapo, usijali," na hapo nilikuwa nimeshajua ukweli. Mimi mama yako mdogo, mtu mzima wa miaka sitini na moja, nilikudanganya. Kwa mdomo nimeshindwa kukwambia, ndiyo maana naandika.

Siku ya arobaini, unavyojua, nyumba inafagiliwa, nguo za marehemu zinagawiwa, na makorokoro yaliyobaki yanachomwa nyuma ya zizi. Mjane hasumbuliwi na lolote, anakaa ndani na wanawake wenzake. Kazi ile ni ya mdogo wake, yaani mimi. Nikaanza kwa kutenga kazi ya shemeji. Madaftari yote ya mezani nikayafunga kwa kamba, nikayapandisha juu ya kabati, nikajisifu. Halafu nikavuta sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani mna madaftari kumi na manne, mwandiko unaanzia kulia kwenda kushoto, kama wa Kiarabu. Nikasema moyoni, haya ni ya dini, hayachomwi pamoja na matambara.

Jirani yetu Mzee Shukuru, yule wa msikitini, alikuwa uani. Akayasogeza kwenye jicho lake zuri, maana la pili lina mtoto wa jicho, akaona mwandiko unatoka kulia. Akasema maandiko ya namna hiyo hayachomwi wala hayatupwi, yanazikwa mahali safi pasipokanyagwa na mtu. Akayafunga kwa kitambaa kipya cheupe, akaenda kuyazika kando ya ukuta wa msikiti. Nami nikamshukuru kweli kweli.

Jumapili ile, baada ya simu yako, nikashusha furushi la juu ya kabati nilipanguse vumbi. Nikalifungua. Hesabu! Maandalio ya somo la hesabu, kidato cha pili, na orodha ya watoto waliochelewa shule. Nikakaa sakafuni.

Mwanangu, mimi nilimjua baba yako kama mwalimu wa hesabu aliyetoka Irak akamwoa dada yangu, mtu mpole asiyegusa pilipili. Sikujua kwamba anaokota maneno. Wewe ndiye uliyenieleza kwenye simu ile kwamba watu wake, Waashuri, walitawanywa na vita, vijiji vyao vya milimani vikabaki mawe matupu, naye kila alfajiri kabla ya kwenda shule aliandika kwa herufi zao, nazo huanzia kulia, maneno ya bibi zake, moja moja, pamoja na jina la aliyelisema. Miaka thelathini na moja! Na wenzake huko wanangoja kuyachapisha, na nakala nyingine hakuna.

Mashairi yake ndiyo nayakumbuka kidogo. Baada ya chakula alikuwa akisema moja kwa lugha yake, na dada anamwambia, haya, sasa sema kwa lugha ya watu. Lile la upepo wa hapa kilimani, unaogonga mlango kama mgeni aliyesikia harufu ya ugali, lilinichekesha mpaka nikamwaga mboga.

Jumatatu asubuhi nikaenda kwa Mzee Shukuru. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Akanisikiliza, akasema kilichozikwa kwa dua hakifukuliwi kwa wasiwasi wa mtu mmoja, aje kwanza anayejua kusoma. Karatasi moja ilikuwa imedondoka ndani ya sanduku, hiyo ndiyo tungemwonyesha. Lakini mwalimu wa madrasa alikuwa Manyoni, hatarudi mpaka Alhamisi. Jumanne mvua ikanyesha mchana kutwa. Nilisimama mlangoni nikitazama maji yanavyoshuka upande wa msikiti, nikalia kwa hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Na mchwa wa hapa unawajua.

Alhamisi mwalimu akaishika ile karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena. "Babu," akasema, "hiki si Kiarabu." Mzee akavua kofia, akaketi chini. "Severina, nimekukosea," ndilo neno alilosema, hali mkosaji ni mimi niliyempelekea. Akakataza jembe lisije likakata kitu. Tukafukua kwa mikono, sisi watatu, na udongo ulikuwa mzito, umelowa, kila nikigusa kitu laini moyo unaruka.

Madaftari matatu yameliwa yote, yamebaki majalada. Matano yameliwa kingo. Sita ni mazima, ila yamejaa matope. Hayo matatu ndiyo nimeyapoteza, mwanangu. Nisamehe.

Baba yako aliandika kwa penseli, kwa hiyo maji hayakufuta. Derick alikuja akapiga picha kwa simu, lakini kwenye picha ni rangi ya chai tu, herufi hakuna. Mpaka uinamishe karatasi juani kwa upande ndipo mistari inajitokeza, na karatasi zenyewe zikikauka zinakatika kama chapati ya jana. Basi nimenunua daftari jipya na penseli, nanakili. Naanzia kulia. Sijui ninachoandika, nachora tu, nukta kwa nukta.

Mama yako nilimwambia siku ileile. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Wiki nzima hakunisemesha. Jana asubuhi akabeba kigoda chake, akaketi ubavuni mwangu, akachukua karatasi ya mumewe akanielekezea juani ili nione. Tulikaa hivyo mpaka mchana, yeye ameshika, mimi nachora.

Msalimie mumeo Chrispin, na shangazi yako huko mwambie pole ya kaka yake tunaendelea kumpa. Derick anakusalimu. Mzee Shukuru kila siku anapita kuuliza tumefika wapi.

Humu ndani nimeweka ukurasa wa kwanza niliounakili. Mpelekee shangazi yako, maana yeye lugha ile anaisoma. Ninazo kurasa kumi na tisa, zimebaki mia nne na ushee. Akiweza kusoma hata mstari mmoja, nipigie siku hiyohiyo. Asipoweza, aniandikie herufi zao zote, kila moja inaanzia wapi na kuishia wapi, nami nitaanza upya.

Mungu akutunze katika baridi hiyo, na akupe moyo wa kunipokea.

Ni mimi mama yako mdogo, nikupendaye kwa aibu yangu yote,

Severina