Uso wa Kavata Ulivyotoka Kijani

Mpendwa Mama Gathoni, nakuandikia kwenye safu yako ya gazeti unisaidie kwa sababu kwetu kumeharibika na mimi ndiye najua chanzo. Nina studio ya picha hapa Kabati, na dada yangu Kavata alipofariki kwa presha mwezi uliopita mama aliniomba nimtolee picha kubwa ya nyeusi na nyeupe kama ile ya marehemu baba, ya kubebwa mbele ya jeneza, nami nikaichapa huku nalia, nikasahau kuiambia printa itumie wino mweusi pekee, ikachanganya rangi zote kutafuta kijivu, na wino wenyewe ni ule wa chupa wa kujazia printa, wa bei rahisi, lakini chini ya balbu ya studio uso ulikuwa sawa kabisa nikaitia picha kwenye fremu nikaifunga utepe. Tulipotoka nayo juani Kavata akawa kijani, mashavu hadi shingo, na mama akapiga kelele mbele ya kanisa lote, "Ngai! Mungu wangu! Huyu mtoto aliwekewa kitu! Si mnaona rangi yake?" na tangu hapo anasema Nzioka, mume wa Kavata, alimpa sumu, amewachukua watoto wao na Nzioka akija kuwaona anafukuzwa, juzi alisimama nje ya lango akimwita kifungua mimba wake na mtoto akalia ndani hadi usingizi ukamchukua. Nataka kusema lakini naona aibu, nimemharibu dada yangu siku ya mazishi yake, na nani ataniletea tena picha ya mtu wake? Nifanye nini?

Kyule, Kabati

Kyule, pole sana. Kumchapia dada yako picha ya mazishi ni kazi ambayo singemtakia mtu yeyote. Lakini huruma yangu inaishia hapo. Unajua Nzioka hana hatia na umenyamaza kulinda studio! Mtu amefiwa na mke, sasa anafiwa na watoto walio hai, na wewe unawaza wateja?

Leo hii rudi kwenye printa. Chapa picha ya Kavata kwa wino mweusi pekee, uchague kwenye kompyuta aina ileile ya karatasi uliyoweka, uiache ikauke vizuri, kisha uitazame mlangoni kwa mwanga wa mchana. Usiiamini tena ile balbu. Halafu chukua picha yako mwenyewe uichape vile ulivyochapa ile ya mazishi, kwa mchanganyiko uleule.

Mtoe mama nje uani, umpe yako kwanza. Atakuona kijani, mashavu hadi shingo, na wewe umesimama mbele yake unapumua. Mwambie, "Mama, ni wino. Ni mimi." Atakukasirikia, na ni haki yake, vumilia. Ndipo umpe ya Kavata. Mwache alie, kwa maana siku ile alilia kwa hasira, binti yake bado hajamlilia.

Nimebadilisha majina yenu, lakini mama akisomewa haya atajitambua tu, kwa hivyo fika kwake kabla gazeti hili halijamfikia. Na Nzioka mwende naye. Asubiri pale langoni hadi mama mwenyewe amfungulie.