Mshika Funguo wa Farsta

Spånga, Stockholm
16 Novemba

Mdogo wangu mpenzi Paskalia,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Mguu wa mama je, umeanza kukanyaga chini? Mimi mwili haunidai kitu. Bado nasukuma vitanda vya wagonjwa pale hospitali ya Flemingsberg, ila magoti yangu yanalalamika kuliko wagonjwa wenyewe.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza habari za wenzangu wa Jumapili. Umeandika tena kwamba tangu siku uliponifuma na gauni la mama, nikiwa na miaka kumi na minne, ukanyamaza, hukuwahi kuwa na amani juu yangu hadi niliposema nimepata watu. Basi nikueleze, maana kukuficha wewe nimeshindwa.

Tuko tisa, sote tulizaliwa wavulana, na tunakutana Farsta katika chumba cha chini ya ghorofa tunachopewa na ofisi moja ya mtaa. Kila mmoja ana gauni lake katika kabati la humo. Tunavaa, tunakunywa kahawa, tunazungumza habari za theluji na wajukuu, kisha tunavua tunarudi makwetu. Funguo nilikuwa nikishika mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikiwahi kufika. Miaka sita, mdogo wangu, kila Jumapili kwa saa tatu nilikuwa mtu kamili.

Ugomvi ulianzia kwenye fomu. Ofisi ilitaka tuandike sisi ni kina nani. Mikael, mzee wetu wa miaka sabini na moja, akaandika transvestit, lile neno la Kiswidi la mwanamume anayevaa mavazi ya kike. Loo! Alma, ambaye ni kijana na anaishi kama mwanamke siku zote, alisema hilo ni neno la madaktari wa zamani waliotuona wagonjwa, na kwamba anayevaa Jumapili kisha akarudi nyumbani kuwa bwana fulani anajificha tu. Mikael alijibu kwamba yeye hajifichi, ni mwanamume apendaye magauni, na neno hilo ndilo lililomjulisha kuwa hayuko peke yake duniani wakati Alma hajazaliwa. Tukagawanyika. Wiki nane hatukuvaa wala kunywa kahawa, ni kubishana tu. Waliponiuliza mimi ni nani, nilisema mimi ni Damian. Wakasema hilo si jibu. Paskalia, maneno ya kwetu ninayoyajua mimi kwa watu kama sisi ni matusi matupu. Ningewapa lipi?

Mwishowe kila upande ulipeleka malalamiko, na ofisi ikaahidi kumtuma mtu Jumapili iliyopita. Kabla hajafika tukapatana. Lilikuwa wazo la Alma, na Mikael alilikubali huku akilia: kila mtu ni kile anachosema mwenyewe, ndicho kitakachoandikwa, na hakuna atakayemhoji tena. Nilifurahi sana. Wenzangu wakaenda kuvaa mara moja. Mimi nilibaki na koti langu, nikapanga vikombe.

Mtu wa ofisi akaingia. Alikuwa Eve, binti yake Melchior, yule tunayesali naye ibada ya Kiswahili. Akaniamkia kwa adabu zote, kwa Kiswahili chake cha nyumbani, akauliza, "Baba Damian, na wewe ni mmoja wao?"

Hapa ndipo ninapokuungamia. Akilini nilimwona Melchior, nikaiona kwaya nzima, nikaisikia habari ikifika huko nyumbani Bukoba kwa simu kabla ya Jumatatu. Nikasema, "Hapana, mwanangu. Mimi nashika funguo tu."

Nilitumaini yataishia kwenye Kiswahili. Lakini Eve alikuja kikazi, akawageukia wenzangu waliokwisha kuvaa, akawaeleza kwa Kiswidi nilivyosema, akauliza kama aandike hivyo. Wote wakanitazama. Neno moja tu lingetosha, na sikulisema. Mikael akamjibu kwa upole, "Andika alivyosema."

Hakuna aliyenikasirikia; afadhali wangenitukana. Wameshika ahadi yao. Juzi Alma aliniletea ujumbe wa heshima kwamba chumba ni cha wanachama, na funguo sasa atashika mwanachama. Nimezirudisha. Gauni langu la bluu liko kabatini, na siwezi kwenda kulidai, kwani mtu asiye mmoja wao ana gauni gani kule? Mara tatu nimeanza kumwandikia Mikael kumwomba msamaha, nikafuta. Nitamwambia mimi ni nani, nami nilikwisha kusema?

Usinijibu kwa kunitia moyo, nakuomba. Nina miaka hamsini na minane na sina nguvu ya kutafuta wengine.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Mama akiuliza kama huku nina watu, mwambie ninao.

Ndimi kaka yako,
Damian