Siri ya Bhoke Niliyoipeleka Ofisini

Jumanne. Mvua imenyesha tangu mchana, matope ya mtaa wetu wa Turwa yameganda kwenye viatu vyangu, na sijisikii kuongea na mtu.

Nimesababisha mwenzangu apoteze kazi.

Kwa asiyenijua, nafanya kazi kwenye maabara inayopima dhahabu iliyomo kwenye mawe. Mawe yanasagwa, unga wake unachanganywa na unga wa madini ya risasi, kisha tunauyeyusha kwenye tanuru. Feni ya kuvuta moshi imeharibika tangu mavuno yaliyopita. Barakoa moja tunaivaa wiki nzima. Ukilalamika, unaambiwa getini kuna watu wanaitaka nafasi yako.

Wiki mbili zilizopita Bhoke, ninayesimama naye tanuruni, aliniambia ana mimba.

"Dada, usimwambie mtu mpaka nisaini mkataba mpya."

Nikamwahidi. Wote tunajua risasi ikiingia kwenye damu ya mama inamfikia mtoto. Tulifundishwa siku ya kwanza, haikutajwa tena.

Nilijaribu kumsaidia kimyakimya. Nilishika zamu zake za tanuru, yeye akawa anaandika lebo za sampuli. Msimamizi akatuona, akaturudisha kila mtu mahali pake. Jana asubuhi nikamkuta Bhoke ameegemea ukuta, kashika tumbo, moshi umemzunguka. Nikaogopa. Nikaingia ofisini kwa msimamizi, nikasema yote, nikamwomba amhamishie kwenye lebo.

"Umefanya vizuri," akanijibu. "Usalama kwanza."

Saa nne Bhoke akaambiwa aende nyumbani apumzike, ataitwa.

Pale kwetu hajawahi kuitwa mtu.

Akiwa anakusanya vitu vyake akaniuliza nani amesema. Nikamjibu sijui. Akamgeukia Chacha, yule wa kusaga mawe, aliyewahi kumwona akitapika nyuma ya stoo. Akamwambia mbele ya watu kwamba ana roho mbaya. Chacha akainamisha kichwa, hakujitetea. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, na sikufungua mdomo.

Leo baada ya kazi nikaenda nyumbani kwa kina Bhoke, Nkende. Nilimwamkia mama yake shikamoo, akanishika mikono, akasema anamshukuru Mungu aliyempa binti yake rafiki kama mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Alipotoka kwenda kufunga ng'ombe, nikamwambia Bhoke ukweli.

Hakulia. Aliendelea kuchambua maharage.

"Kama uliogopa, ungeniambia mimi kwanza," akasema. "Ningepata hata siku moja ya kujipanga. Na Chacha je, umeshamwambia?"

Nikamjibu bado.

Akaniambia niondoke kabla mvua haijazidi. Hakunisindikiza.

Bado naamini mtoto yule hakustahili kuvutishwa moshi ule. Hilo sitalifuta. Lakini niliamua juu ya maisha ya mtu mzima kama vile hana akili yake, halafu nikaacha mtu mwingine abebe lawama yangu. Hicho ndicho kinachonichoma zaidi.

Kesho asubuhi, kabla tanuru halijawashwa, nitasema mbele ya wote kwamba ni mimi, si Chacha.

Baada ya hapo, nani atakubali kuniambia jambo lake tena?