Stempu Itakayofika Marangu

Shikamoo Baba,

Albamu yako ya stempu iko kwangu hapa Moshi mjini, juu ya kabati, mbali na mvuke wa jikoni. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya kuniuliza kama nimekula.

Unakumbuka Jumapili zetu za Marangu baada ya misa? Unaloweka vipande vya bahasha kwenye sufuria, stempu zinaachia karatasi, mimi nazianika juu ya wavu wa kuanikia kahawa. Mama anapita, anachungulia sufuria yake. "Leo tunakula mtori wa stempu?" Wewe huna habari. Umeshika penseli, unaandika herufi chini ya kila stempu na kunifundisha kuzisoma. MNH: mpya kabisa, gundi yake nzima, haijawahi kubandikwa hata kwenye albamu. "Hiyo usiishike kwa vidole, mwanangu." FDC: bahasha iliyogongwa mhuri siku ileile stempu ilipotoka. Na CTO uliiandika huku umebinua midomo, maana hiyo hugongwa mhuri ili iuzwe tu, bila kubeba barua yoyote. "Ina mhuri, lakini haijafika popote. Mvivu huyo!"

Tulipokaa kumaliza msiba wako, kihamba, shamba letu la migomba na nyumba yake, kilikwenda kwa Deo, kitinda mimba wako, kama desturi yetu ilivyo. Sikuwa na neno. Lakini baba mkubwa akasema albamu nayo ibaki na nyumba. "Mtoto wa kike akiolewa, si ataipeleka kwa watu?"

Kihamba sikukiomba, ila albamu nilikuwa siiachii. Nikaifungua mbele ya wote.

"Baba mkubwa, naomba Deo atusomee ukurasa mmoja tu."

Deo akakodoa macho, akajikuna kichwa, akacheka. "Mimi hapa naona herufi tu. Mpeni dada."

Nikausoma ukurasa mzima, stempu moja baada ya nyingine, mpaka baba mkubwa akasogeza kiti na kuuliza ile nyekundu ilitoka nchi gani. Hakuna aliyenibishia tena.

Nimekukumbuka sana, hasa Jumapili. Bado naloweka. Wavu sina, nazianika kwenye taulo. Silii kama mwanzo, na kazi hii naijua, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha.

Kesho nitaipeleka barua hii posta na kumwomba karani agonge mhuri pembeni, usifunike picha. Nakusikia unanung'unika kwamba barua ya kumwandikia marehemu ni CTO tu. Hapana, Baba. Kwenye bahasha nimeandika jina la Mama. Itapanda mlima hadi sanduku la parokia, naye ataisoma kwa sauti kwenye migomba, pale ulipolala. Kisha atanirudishia bahasha. Nafasi yake kwenye albamu nimeshaiacha, na chini yake nimeandika kwa penseli: imefika.

Binti yako, mwenye albamu