Baba Hashuki Dunguni

Jumanne, 10 Juni 2025

Mpunga umevunwa, ndege wamehama, majirani wote wamerudi kijijini Dimani. Tumebaki wawili shambani — mimi chini, Baba juu ya dungu. Wenzetu hupanda dungu kuamia ndege na nguruwe, msimu ukiisha wanashuka. Baba hashuki. Mwaka wa tatu huu, tangu macho yalipozimika kabisa. Anasema ile hewa ni nzito, hutambaa chini, aliye juu hupona.

Ile hewa! Mwaka 1986 Baba alikuwa baharia. Meli yao ilikuwa inapakua mizigo kwenye bandari moja ya Ghuba, Iraki na Irani zinapigana. Bomu likaanguka ng'ambo, upepo ukaleta wingu. Wenzake wawili walikufa wiki hiyohiyo. Yeye alirudi na kikohozi, na macho yaliyokwisha kidogo kidogo. Kijijini wanasema karogwa. Sijui nani angehangaika kumroga mtu asiye na hata baiskeli.

Leo kanitajia ubeti wa tisini na nane wa shairi lake, nimeandika. Kabla ya kutunga lazima nimsomee ule wa kwanza:

Ilikuja ya manjano, na harufu ya saumu,
Twaipungia mkono, hatujui kuwa sumu,
Haikusema maneno, ikatupitia zamu,
Hadi leo mapigano, kifuani yanadumu.

Nimeusoma mara ngapi mimi! Nauota.

Jumatano, 11 Juni

Saidy, mchumba wangu, kapiga simu kutoka Ikwiriri, dukani kwake anakouza mchele. Posa ilishajibiwa tangu kabla ya Ramadhani. Kwao wanataka ndoa Ijumaa ya tarehe ishirini. Nina miaka thelathini na moja — nimefurahi mpaka nimemwaga maji ya kupikia.

Nikamwambia Baba. Anataka aniozeshe mwenyewe, amshike Saidy mkono kama inavyotakiwa, hataki kumpa mtu uwakala. Lakini atashuka shairi likiisha. Basi tunga tamati, nikamwambia. Akakohoa weee, kisha akasema shairi hufungwa jambo likiisha. Hili limeisha?

Nimesugua sufuria kwa hasira.

Jumamosi, 14 Juni

Baba mdogo Abdulswamadu kaja kumsihi kaka yake. Kapiga kelele chini ya dungu mpaka kakauka koo. Baba hashuki. Wakati wa kuondoka kanivuta pembeni: tunga tamati wewe, msomee, mwambie aliitunga akiwa na homa. Atakumbuka nini!

Nimekasirika sana. Halafu nimeitunga.

Jumanne, 17 Juni

Nimemsomea. "Tamati nimefikia, kalamu naweka chini..." Akahesabu mizani kwa vidole. Akasema mizani imetimia, vina vimekaa. Ila aliyetunga hakuivuta ile hewa.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza! Nimelia nyuma ya ghala.

Jioni kaniita. Kasema watu waje Ijumaa, hapahapa. Shairi lisipoisha, lisinizuie mimi. Atashuka mpaka chini, amshike Saidy mkono, apande tena. Nampenda huyu mzee, na nimechoka naye. Yote mawili.

Alhamisi, 19 Juni

Saidy kauliza kama kuna chakula tusichokula. Mama yake anapika pilau kwao, wataileta na gari.

Kipo. Kitunguu saumu. Marehemu mama hakukiingiza ndani hata siku moja, maana harufu yake ndiyo harufu ya ile hewa. Jibu lilikuwa mdomoni kabisa. Nikaona aibu — watasema wanaoa ukoo wa wazimu. Nikasema hakuna, mletee Baba nyama laini tu. Nitahakikisha sufuria zinakaa mbali.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika juu ya dungu.

Walikuja saa nane, baada ya swala. Baba kavaa kanzu yake ya Idi. Ngazi ina vipago tisa. Akashuka kimoja kimoja, mimi chini yake namwekea mguu. Sita. Shehe yuko mkekani. Saidy kasimama, mkono kaunyoosha, anatabasamu. Ndipo mama yake akafunua hotipoti, aone kama pilau bado ya moto! Na upepo unatoka mtoni.

Baba kaganda. Kisha kelele: Panda! Panda juu, Warda! Mkono aliotakiwa kuushika ni wa Saidy. Kashika wangu, kavuta. Ningeweza kujinasua, ni mifupa mitupu ule mkono. Chini kuna waliocheka. Mama yake Saidy anauliza huyu mzee ana nini. Ningesema jana!

Nikapanda.

Sasa kalowesha kanga yangu kwenye ndoo, kanifunga puani. Yeye hajajifunga. Anakohoa, kifua kinapiga filimbi. Nimemwambia ni pilau tu, Baba. Ananibana kanga zaidi. Saidy anaita, shehe ana ndoa nyingine Nyamwage, anataka kuondoka. Saidy kaweka mguu kwenye kipago cha kwanza. Mimi nikimjibu, Baba ananiziba mdomo, nisivute.

Kapapasa daftari, kanipa. Niandike upesi, wingu halijafika. Ubeti wa tisini na tisa. Nimemuuliza unaanzaje.

Unaanza na jina langu