Kilima Chenye Chupa za Buluu

Élisabethville, 6 Machi 1938

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni kikohozi cha vumbi tu. Mgongo wako unaendeleaje?

Kazi imekuwa nzuri. Amekuja bwana mmoja kutoka Ubelgiji anayechora viwanja vya gofu na kufufua vya zamani. Gofu ni mchezo wa Wazungu: wanapiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni. Uwanja wao ulikuwa umechakaa, sasa anauongeza kuelekea kambi ya zamani ya wachimba madini. Mimi ndiye ninayemshikia kamba ya kupimia. Juzi tulisawazisha vilima vingi vidogo vyenye misalaba iliyooza. Kimoja tu, chenye chupa tatu za buluu upande wa kichwa, alikipenda. Akasema, "Hii iko muzuri, acha. Mupira itapotea njia hapa." Chupa nilizing'oa mwenyewe. Akanifanya kapita, msimamizi wa vibarua wake.

Kaburi la baba uliloniagiza, bado sijapata nafasi ya kulitafuta.

Mwanao,
Godefroid


Kongolo, 20 Aprili 1938

Mwanangu Godefroid,

Ninakusalimu. Mgongo unauma, lakini si huo unaoniliza. Karani wa misheni aliponisomea barua yako nilimwambia arudie pale penye chupa. Umelipata kaburi, mwanangu. Ngosa, aliyemzika baba yako Floribert, ndiye aliyezisimamisha chupa hizo, na aliniambia ni za buluu.

Sikukaripii, hukujua; alama hiyo sikukutajia. Chota udongo hapo, kiganja kimoja tu, umpe Ngosa anayekuja likizo. Baba zako wadogo wamekubali: tukiuzika hapa nyumbani, nitavuliwa nguo za matanga. Miaka kumi na miwili ninakula peke yangu, ninalala chini, na milangoni kwa watu sipiti. Nimechoka.

Mama yako,
Clotilde


Élisabethville, 2 Juni 1938

Mama mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta na nafuu. Kikohozi changu kimeisha.

Usinikasirikie. Kilima kimeshapandwa majani yaliyotoka mbali kwa treni, na bwana ameapa kumfukuza atakayeyachokonoa. Ngosa alinisihi: "Weye uko kapita, nani atakuuliza? Chota kidogo tu." Lakini nimeahidiwa nyumba ya matofali. Baba amekufa, mimi niko hai. Tena hakuna maiti anayetunzwa kama yeye: kila asubuhi ninamkatia majani na kummwagilia maji mimi mwenyewe. Jumapili Wazungu hucheka mipira yao ikiteleza kando yake.

Kwenye kifurushi anachokuletea Ngosa nimekutilia udongo wa nyuma ya jiko langu. Udongo wa mji huu ni mmoja. Uzike, uvue nguo, upumzike. Baba wadogo hawatajua.

Mwanao,
Godefroid


Kongolo, 15 Julai 1938

Godefroid,

Mgongo wangu usiuulize, na kikohozi chako sikiulizi.

Kifurushi kilifika. Ngosa alikiweka mbele yangu akaenda kukaa nyuma ya watu. Shimo lilikuwa limeshachimbwa, pombe iko tayari, watu wa ukoo wote wameketi. Nilimwomba karani asome barua yako kwa sauti, maana nilitaka wasikie jinsi mwanangu alivyohangaika kwa ajili yangu. Ulisahau kwamba mimi sijui kusoma. Walisikia mpaka mwisho, kisha wakainuka mmoja mmoja wakaenda makwao.

Nguo za matanga nitazikwa nazo. Shimo halikubaki wazi. Nimetia humo kanzu yako ya ubatizo, nikaifukia kwa udongo wako wa jikoni.

Mjane wa Floribert