Dua ya Safari ya Kidawa

Visiga, Kibaha
Jumatano, baada ya adhuhuri

Kaka yangu Kitwana,

Assalaam alaykum, na shikamoo yako kaka. Natumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri barazani, mguu umetulia, na wifi Rukaya kifua hakijamrudia kwa mvua hizi. Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, ila mimi mdogo wako nimechoka. Sina homa wala presha, na sukari nilipima pale zahanati wakasema niko sawa. Nimechoka tu, kama mtu aliyejitwisha ndoo tangu asubuhi na kila anayekutana naye anamsalimia, hakuna anayemtua. Sababu yake utaikuta humu humu. Usirukie mwisho. Soma taratibu, kama ulivyokuwa unatusomea barua za marehemu baba.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kaka, ukuta wangu na wa jirani yangu Stellamaris ni mmoja, nikipiga chafya yeye ananiombea afya. Na wewe simu yako unaiweka spika kijiweni, watu wote wanachangia. Mambo haya si ya spika.

Nianze na mazuri. Nakumbuka sikukusimulia vizuri lile kongamano la chuo, na halitakiwi kupotea. Kidawa wangu, huyu huyu uliyekuwa unamwita Kidole kwa udogo wake, alisimama mbele ya ukumbi mzima kusema habari za misitu na hali ya hewa ya dunia. Walikuwepo wageni kutoka Ghana, Ujerumani, na nchi nyingine zinanishinda kutamka. Mimi nilikalishwa mstari wa pili, na gauni langu la kitenge cha bluu, nikavishwa vile vidude vya masikioni vya kutafsiria. Nilivivaa mpaka mwisho, hata walipokuwa wanasema Kiswahili, maana nani angejua tena lini nitavivaa. Mwalimu wake, Dokta Silvanus, alinifuata mwenyewe na kunipa mkono. Akaniambia kwamba mwanangu ana kichwa, na kwamba utafiti alioufanya huko kwako Kisarawe ndio uliokipa chuo nafasi ya kupeleka wanafunzi Ulaya, kwenye mkutano wa vijana wa vyuo vya dunia. Ujumbe mzima wa Tanzania, kaka, na Kidawa ndani yake!

Basi nikasema. Sikatai, nilisema sana. Nilisema hapa Visiga, nikasema Kwa Mathias ninakouzia uji na mihogo, nikapanda hadi Maili Moja kununua mchele wa dua, nako nikasema. Stellamaris, yeye ni Mhaya wa Bukoba, alinisikiliza wee, mwisho akasema kwamba Wahaya miaka yote wamesingiziwa majivuno bure, kumbe Mhaya mwenyewe ni mimi. Nikamjibu kwamba yeye akizaa wa kwenda Ulaya nami nitamsikiliza.

Ile dua ya safari hukuja kwa sababu ya mguu, lakini ulikuwepo. Majogoo yako mawili yalikuwepo, na pilau lote liliiva kwa gunia la mkaa ulilotutumia. Ustadhi Abdulaziz alisoma, kinamama wakaitikia, Kidawa kakaa katikati na ushungi mweupe, kainama. Kesho yake Jumamosi akatoka na begi kwenda kulala chuoni na wenzake wanaosafiri. Mtaa mzima ulitoka kumsindikiza. Vigelegele mpaka barabara kubwa. Stellamaris akakimbia ndani kuleta koti lake la Bukoba, akamtupia mabegani, akasema baridi ya Ulaya haina adabu.

Tangu hapo, kaka, kila siku naulizwa. Kafika? Anakula nini? Kuna theluji? Na mimi najibu. Kafika salama. Anakula mkate na jibini. Theluji ipo, ila ya kiasi. Stellamaris juzi akashangaa kwamba huko sasa si kipindi chake, nikamwambia ndiyo hayo mabadiliko ya tabianchi waliyokwenda kuyajadili. Akaniamini! Alivyoniamini ndipo nilipoingia ndani nikakaa kitandani.

Kwa sababu Kidawa hayuko Ulaya.

Sasa tulia nikueleze. Ile ile Jumamosi, baada ya Isha, mvua inapiga mabati na mtaa wote umejifungia, mlango ukagongwa. Ni yeye, koti la Stellamaris limelowa, begi mkononi. Nikajua ndege imeahirishwa. Nikampa kanga kavu. Kisha akanifungulia simu na kunionyesha picha.

Ni yako, kaka. Ile aliyokupiga alipokuja kwenye utafiti. Mwenyewe unaikumbuka, maana kijiji kizima ulikitangazia. Alikukuta unafukia tanuru la mkaa kule shambani kwa baba, ukamwambia asikupige hivyo hivyo, ukarudi nyumbani kuvaa shati la Idi na kofia, ukasimama kando ya tanuru umekamata koleo kama askari. Unacheka na meno yote. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilisema kaka yangu bado kijana.

Sasa wale waandaaji wa mkutano huko waliipenda kuliko karatasi zote za utafiti. Waliikuza ikawa kubwa kuliko mlango, wakaitia giza mpaka moshi umekuwa mweusi tii na kile kicheko chako kimekuwa kitu kingine. Chini wakaandika kwa Kiingereza. Kidawa alinisomea. Kaka, maneno yenyewe ni kwamba huyu ndiye anayeua msitu. Na yeye mwanao asimame kando ya picha hiyo, kila mgeni akipita amweleze.

Kasema aliiona walipofika chuoni, hapo hapo akamwomba Dokta Silvanus yaondolewe yale maneno, au ipelekwe picha nyingine. Dokta si mtu mbaya, aliandika huko na kuomba. Wakajibu kwamba vitu vimeshachapwa, na picha hiyo hasa ndiyo iliyowavutia. Mwenyewe Dokta akamshauri aende tu, akifika ataeleza vizuri kwa mdomo. Kidawa akasema mdomo wake hautasikika mbele ya maandishi makubwa namna ile. Akatoa jina lake. Nafasi kapewa kijana wa akiba, Wilfred, aliyekwisha kupata viza, na sasa hivi ninavyokuandikia yuko huko anakula hiyo jibini.

Mimi nilikasirika, nisikufiche. Nilimwambia maneno. Nilimwambia picha ni picha tu, na mjomba wako huko Ulaya nani anamjua? Akaniangalia, akanijibu kwamba yeye anamjua. Akasema viatu vyake vya kwanza vya shule vililetwa na mtu mwenye weusi wa mkaa kwenye kucha, na alimvalisha yeye mwenyewe, akamfunga na kamba zake. Kisha akasema nisimdhanie anatetea mkaa. Msitu unaisha kweli, amezunguka na kuhesabu visiki kwa miguu yake, na hata wewe ulimwambia kwamba kabla ya kupata kibali cha kuchoma mkaa shambani uliwahi kuvuka mpaka na kuingia kwenye msitu wa serikali. Uliyasema bila kuulizwa, na yeye aliyaandika. Ila mkaa wa Kisarawe unapikiwa nani? Akalinyooshea kidole jiko langu la uji. Nalo lilikuwa linawaka.

Asubuhi yake ndipo nilipokosea. Stellamaris aligonga kuuliza kama mtoto ameruka salama, na mimi, pilau la dua bado liko matumboni mwa watu, mdomo ukasema ameruka. Basi ikawa hivyo. Ningemtoaje tena nje mtu aliyesomewa dua, akapigiwa vigelegele mpaka barabarani? Nikamweka ndani kama mwali. Tulimcheza na kumtoa zamani, wewe ndiye uliyembeba begani mbele ya ngoma, leo nimemrudisha chumbani mtu mzima wa chuo kikuu. Hatoki, hafungui dirisha, anaoga baada ya magharibi. Akikohoa ndani, mimi nakohoa nje ili ionekane ni mimi. Stellamaris kaniletea tangawizi na asali kwa ajili ya kikohozi changu, nikainywa huku nalia, akadhani ni ukali wa tangawizi. Chapati nanunua za watu wawili, naye amenicheka kwamba mtoto kaenda Ulaya, mama ananenepa kwa niaba yake. Wala sinenepi, kaka. Kibwebwe kinazunguka mara mbili.

Na mtoto mwenyewe halalamiki. Amekaa huko gizani anaandika upya utafiti wake. Jana nilipompelekea chakula alinishika mkono, akaniambia kwamba yeye alikataa safari kwa sababu hakutaka kusimama mbele ya watu na uongo, na sasa anaishi ndani ya wa kwangu. Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Sikulala. Leo asubuhi nimekwenda kwa Stellamaris, nimemweleza yote, nimemrudishia koti. Nilitegemea acheke mpaka Mlandizi wamsikie. Yeye akauliza kwani mtoto anakula vizuri humo chumbani, na akasema koti mtoto abaki nalo, Kisarawe nako kunanyesha. Wengine mtaani sijawaambia. Nitawaambia, mmoja mmoja, nikishapumzika miguu.

Lakini nimeona wa kwanza kusikia ulipaswa kuwa wewe, maana uso ni wako. Yeye anataka uione hiyo picha kubwa kwa macho yako, na maandishi yake, asikufiche kitu. Anataka kukuuliza wewe mwenyewe ungependa iandikwe nini chini. Anasema akipata maneno yako ndipo utafiti wake utakuwa umekwisha. Utakasirika, najua. Kasirika, ila usimkasirikie yeye. Na kama yapo ya kweli ndani yake, yale ya visiki, mwambie pia. Anaweza kuyabeba.

Huyo dada aliyefunika uso, aliyekupa barua hii na kuinamisha kichwa bila kusema neno, ukadhani ni mgeni wa watu, ndiye. Nilimfunika ili apite salama mtaani kwetu, nikamwambia asifungue mdomo mpaka umalize kusoma, maana sauti yake ungeijua na barua ungeitupa pembeni. Nisalimie wifi Rukaya sana, mwambie nakuja Ijumaa nimsaidie kumenya mihogo. Mguu uupake mafuta.

Mwali nimemweka ndani mimi, kaka. Mtoe wewe.

Wako mdogo wako, asiyekuwa na la kujivunia leo ila huyo mliyekaa naye,

Hajira